Mwaka Da Zuwena Alipopata Bendi Yake

Mwezi uliopita nilikwenda harusini Gando, na katika chumba cha bibi harusi kulikuwa na msichana anakoroga piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia, katika kibakuli. Nilikuwa nimekaa vizuri, nimepewa mto, nimeegemea ukuta, nacheka na wenzangu. Ile harufu iliponifikia, kali, ya dawa ya nywele, inayowasha pua kabla hujaijua ni ya nini, viganja vyangu vilianza kutoka jasho. Nikatoka uani nikasimama kivulini mpaka shangazi akanifuata kuniuliza kama nina mimba. Nikamwambia ni joto tu. Ningeanzaje kumweleza, katikati ya vigelegele vya watu, kwamba piko hunirudisha kwenye mwaka ambao nililala na kuamka nikiwa na yakini kuwa dada yangu ataniua?

Tulikuwa tukikaa Tibirinzi, katika nyumba ambayo baba aliijenga kidogo kidogo, na upande mmoja wa ukuta haujapakwa lipu mpaka leo. Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa maneno machache. Mama alikuwa akishona nguo za watu kwa cherehani iliyokaa barazani, na mlio wake ndio uliokuwa saa ya nyumba yetu: ukiusikia, ujue mama yuko kazini na hataki maswali. Watoto tulikuwa wawili tu. Kati yangu na Da Zuwena walizaliwa wengine ambao hawakukaa, kwa hiyo yeye alikuwa yuko sekondari, mrefu kama mama, na mimi bado nafundishwa kugawanya. Tulilala kitanda kimoja. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenikatia kucha, aliyenifundisha kubana mtandio usiporomoke njiani. Watu wakimuuliza mama ana watoto wangapi, Da Zuwena alikuwa akidakia, "Wake mmoja. Huyu mdogo ni wangu."

Nyuma ya ua wetu alipanga nesi kutoka bara, kwao Songea, aliyehamishiwa kisiwani kwa kazi. Tulimwita Mama Neema, kwa jina la bintiye, na huyo Neema alikuwa darasa moja na Da Zuwena. Mimi nilikuwa nikienda kwao kila siku. Mama Neema alikuwa akipika uji mzito wa ulezi, akaniwekea bakuli langu kando na kusema kwa Kiswahili chake cha bara, "Kunywa mwanangu, usiache hata tone." Jumapili walikwenda kanisani, mimi na dada tulikwenda chuoni kusoma Kurani alasiri, na hapakuwa na mtu aliyeliona hilo kuwa ni jambo.

Neema alikuwa na kaka anayesoma chuo Dar es Salaam, na huyo kaka ndiye aliyemtumia ule muziki, umejaa tele kwenye kadi ndogo ya simu. Jina lake la Kiingereza ni post-punk. Da Zuwena alilitamka postipanki, na mimi nikalisikia kuwa Posta ya Panki, nikaamini kwa muda mrefu kuwa Panki ni mji wa Ulaya wenye posta inayotuma nyimbo. Hakukuwa na kitu kama hicho katika masikio yetu. Sisi tulilelewa na taarabu ya redioni na bongo fleva ya mitaani, nyimbo ambazo hukwambia mara moja kama zinafurahi au zinagombana. Hizi hazikusema. Gitaa zito la besi lilitangulia mbele, likitembea peke yake kama mtu anayezunguka nyumba kutafuta mlango. Ngoma zilifuata bila mbwembwe, pa, pa, pa. Kisha mwanamume akaingia, haimbi hasa, anasema, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesoma tangazo la kifo na marehemu ni yeye mwenyewe.

Mara ya kwanza tulipousikia, Da Zuwena alifumba macho.

"Huyu anajua," alisema.

"Anajua nini?" nikamuuliza.

"Basi tu. Anajua."

Siku hizo mji mzima ulikuwa na maneno ya kafara. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Ilisemwa kuwa wanamuziki wakubwa wote wamejiunga na watu wa siri wanaoabudu shetani, na kwamba hakuna apataye umaarufu mpaka atoe roho ya mtu wake. Fulani kamtoa mama yake, fulani kamtoa mtoto wa kwanza. Watoto wa shule tulikuwa tukikagua vifuniko vya soda tukitafuta alama za pembetatu na jicho. Chuoni nilikuwa nikikaa karibu na msichana anayeitwa Tatu, ambaye kwa habari hizi hakuwa na mpinzani. Tatu alinieleza utaratibu wote, taratibu, huku juzuu iko wazi mbele yake ili maalim adhani tunasoma.

"Hawakuchukui mara moja," alisema. "Kwanza wakuuliza maswali. Weye wajibu tu, wadhani mchezo. Kwa majibu yako waijua roho yako, wakupa jina. Baadaye waanza kuvaa nyeusi. Halafu ndo wakutaka umlete."

"Nani?"

"Umpendaye kuliko wote. Na mtu akijua, akienda kusema, yeye ndo afa wa mwanzo."

Nilicheka nilipomsikia. Nilikuwa salama: nyumbani kwetu hapakuwa na mwanamuziki.

Haukupita muda. Ilikuwa baada ya adhuhuri, joto limelala juu ya mabati, mama yuko barazani na cherehani yake. Nilikuwa kitandani nimegeukia ukuta nikijifanya nimelala, maana nikiwa macho nilikuwa nikitumwa maji. Da Zuwena na Neema walikuwa wamekaa sakafuni, simu iko katikati yao.

"Kuna mtihani huku kwenye mtandao," Neema alisema. "Unajibu maswali, wanakwambia wewe ni bendi gani."

"Vipi mtu awe bendi?"

"Tabia yako, Zuwena. Roho yako inafanana na bendi gani ya postipanki. Wanaopenda huu muziki wote wanafanya. Kaka yangu kafanya, na wenzake wote kule chuo."

"Wanijuaje mie nilivyo?"

"Kwa majibu yako."

Nilifumbua macho. Ukutani, mbele ya pua yangu, kulikuwa na mjusi mdogo, anatembea kwenye ufa, na mpaka leo naweza kuuchora ule ufa.

Neema alianza yeye. Akajibu mbio mbio, akicheka, akapewa bendi ya vijana wanaorukaruka ambayo wao kwa Kiswahili waliiita Watoto wa Bati. Halafu ikawa zamu ya dada yangu. Neema alikuwa akisoma Kiingereza kwanza, kisha anatafsiri.

"Ukiingia mahali penye watu wengi unakaa wapi?"

"Karibu na mlango."

"Watu wakikuuliza kwa nini hucheki, unasemaje?"

"Husema n'naumwa na kichwa."

"Unaogopa nini zaidi?"

Akasema, taratibu, "Kuwa hivi hivi mpaka mwisho."

Swali lililofuata sikulisikia. Cherehani ya mama ilianza kukimbia kwenye pindo refu, na maneno ya Neema yalizama humo. Mlio ulipokatika, sauti iliyokuwepo chumbani ilikuwa ya Da Zuwena peke yake.

"Raya," alisema.

Raya ni mimi.

"Huwezi kuandika jina," Neema akamwambia. "Unachagua. Ngoja, hapa kuna 'mtu unayempenda kuliko wote'. Nibonyeze hiyo?"

"Bonyeza."

Akabonyeza. Sikuona, lakini nilisikia kidole kinagusa kioo.

Bendi aliyopewa waliiita Chumba cha Kaskazini. Neema alisoma maelezo yake polepole, akitafuta maneno. Huzungumzi sana. Watu wanadhani umenuna, kumbe unasikiliza. Una giza ndani, lakini ni giza la kupumzikia. Unawapenda wachache, na hao huwaachi mpaka mwisho. Nilipogeuka kidogo nilimwona dada yangu ameziba mdomo kwa mkono, analia. Sasa nikikumbuka yale machozi, najua yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kuelezwa kwa upole alivyo. Nyumbani aliambiwa ana kisirani, shuleni aliambiwa ana maringo. Siku ile watu asiowajua, kutoka mbali, walimwambia kuwa yeye ni kitu kizima, kina jina, na wapo wengine kama yeye. Lakini mimi niliyaona machozi nikayasoma kwa Kitatu, lugha ya yule Tatu wa chuoni: amejutia, ila ameshakubali.

Kulikuwa na picha. Wanaume wanne wenye makoti meusi marefu wamesimama kati ya nguzo za jengo lisilo na paa, hakuna anayecheka. Da Zuwena aliitazama mpaka simu ikazima kioo. Jioni ileile alikoroga piko, akapaka kucha zake zote.

Kuanzia hapo kila jema alilonifanyia lilinitisha. Akininunulia kachori, nilikuwa nikiificha mfukoni na kuitupa mtaroni. Akinisuka, zile nywele zilizobaki kwenye kitana alizichoma moto, kama ilivyokuwa desturi yake tangu zamani ili ndege wasijengee viota, na mimi nikatazama moshi ule nikijiuliza unakwenda kwa nani. Nilihamia kwa mama. Nikasema nina ndoto mbaya. Baba akahamishiwa mkekani, na kila nikifumba macho nilikuwa nikisoma Ayatul Kursiy mpaka ulimi ukachoka. Mama alinishika shingo kuona kama nina homa. Da Zuwena alikuja mlangoni akasimama.

"Raya kanichoka?" alimuuliza mama.

"Mtoto tu huyo. Atarudi."

Mchana, hata hivyo, usingizi ulikuwa ukinishinda. Siku moja nilipitiwa kwenye mkeka, nikazinduka nikahisi kitu kinapita mwilini mwangu. Nilifumbua jicho kidogo. Da Zuwena alikuwa amepiga magoti kando yangu na futi ya mama, ananipima. Kutoka utosini mpaka kisiginoni. Kisha bega kwa bega. Alikuwa akipima kwa uangalifu, bila kunigusa, anaandika kwa chaki sakafuni. Nilikuwa nimeona mtu akipimwa akiwa amelala namna ile mara moja tu katika maisha yangu, siku aliyofariki bibi yetu wa Kiuyu, na aliyepimwa alikuwa ni bibi.

Sikupiga kelele. Watu wazima huuliza, kwa nini mtoto hasemi? Mtoto hasemi kwa sababu ameshaelezwa atakachofanywa akisema.

Kilichotoka kwenye cherehani kilikuwa gauni jeusi, limekatwa katika buibui kuukuu la bibi, lina mikono mirefu na kola ya kusimama. Da Zuwena na Neema walikuwa na yao tayari. Mama aliligeuza akaisifu mishono. Da Zuwena akamwambia kuwa siku ya mapumziko ya shule wanataka kwenda matembezi kwenye yale magofu ya kale nje ya mji, kupiga picha, na watanichukua na mimi.

"Mama, mie siendi," nilisema.

"Kwa nini?"

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa akitabasamu, sindano iko mdomoni.

"Basi tu."

"Dada yako akushonea, akutembeza, na weye wanuna," mama alisema. "Nenda ukapate hewa. Huli, hulali. Nenda."

Tulishuka gari njia panda tukaingia shambani kwa miguu. Jua lilikuwa kali na lile gauni lilikunywa joto lote. Walikuwa wamenishika mikono, mmoja huku, mwingine kule, wakiimba ule wimbo wa besi kwa midomo, dum, dum, dum, na mimi katikati nikikanyaga nyasi kama mtu asiye na miguu yake. Nilikuwa nikitazama kila kitu kwa mara ya mwisho. Hili ni jambo ambalo sijapata kulieleza vizuri kwa mtu: sikuwa nikilia. Nilikuwa nimefika mahali ambapo woga unakuwa kimya. Niliona mikarafuu, niliona ng'ombe amefungwa, niliona mwanamke anapalilia muhogo akatuamkia, Da Zuwena akamwitikia kwa adabu zote, na nikashangaa kwamba mtu anaweza kuwa na adabu akiwa anaenda kufanya jambo kama lile.

Magofu yalikuwa kuta za mawe zilizokatika na nguzo mbili tatu zilizosalia, mizizi imezikumbatia. Watoto tulikuwa tukiogopeshwa nayo. Neema aliweka simu juu ya jiwe, akaiegemeza kwa kiatu, akaifanya ipige yenyewe.

"Zuwena, simama pale kwenye nguzo. Raya, mdogo wangu, wewe katikati. Usicheke." Akarudi mbio akasimama upande wangu wa kushoto. "Fumba macho. Wao kwenye picha yao mdogo kafumba macho."

Da Zuwena aliniwekea mkono shingoni, nyuma, chini ya mtandio. Alikuwa akiiweka kola sawa. Niliziona kucha zake nyeusi pembeni mwa jicho, na ule ukimya wangu ukapasuka.

Nilikimbia. Sikuchagua njia. Nilisikia jina langu nyuma, mara mbili, na hatua za dada yangu, na kadiri alivyonikaribia ndivyo nilivyozidi kukimbia, nikapenya kwenye kichaka kilichokuwa kimefunika shimo. Kisima cha watu wa zamani, kimekauka. Ardhi iliniacha. Niliangukia majani na matope, nikaumia kiwiko na goti, nikainua kichwa nikaona duara la mbingu na katika duara lile kichwa cha Da Zuwena.

"Raya. Sema kitu."

Hakungoja jibu. Alikaa ukingoni akajiachia. Nilisikia mguu wake ukigonga jiwe, sauti kama ya kuni mbichi inayovunjwa, na yeye akatoa pumzi tu, haa, akakaa chini. Kisha akaanza kuja kwangu kwa magoti, anauburura ule mguu, amenyoosha mkono.

Nilijibana ukutani. "Usinishike," nilisema. Na alipozidi kusogea nikapiga ukelele ambao sikujua ninao, nikafunika uso kwa mikono yote miwili.

Nilipochungulia alikuwa amesimamisha mkono hewani. Sijasahau uso ule. Alikuwa ametambua kuwa siogopi shimo. Namwogopa yeye.

"N'nini, Raya?" aliniuliza kwa sauti ndogo. "Nimekufanya nini?"

"N'nakuomba. Mtoe mwengine. Mtoe Neema."

"Kumtoa wapi?"

"Kafara."

Juu tulikuwa tunamsikia Neema akimwita yule mwanamke wa muhogo, sauti yake ikienda mbali. Da Zuwena aliweka mkono wake chini, taratibu, mahali ninapouona.

"Nani kakwambia hayo?"

"Nilikusikia. Walikuuliza maswali. Wakakuuliza umpendaye, ukasema Raya. Neema akabonyeza."

Jasho lilikuwa likimtiririka usoni kwa maumivu, na alikuwa akilifuta kwa bega ili asiinue mkono.

"Waliuliza hivi," alisema mwisho. "Nyumba yenu ikishika moto, na una nafasi ya kutoka na kitu kimoja tu, utatoka na nini. Ndo swali lenyewe. Nikasema n'natoka na weye."

Nililielewa kila neno. Nilielewa na moto, na nyumba, na nani anabebwa na nani anabeba. Na sikusogea. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo bado linanisumbua nikiwa mtu mzima: ukweli ukifika, woga hauondoki papo hapo. Hukaa kando, unausikiliza, na bado haujaamini.

Yule mwanamke alikuja na mumewe na ngazi ya kuchumia karafuu. Da Zuwena aliwaambia wanitoe mimi kwanza.

Hospitali, Mama Neema ndiye aliyetupokea, yuko zamu, na sare yake nyeupe. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Baba alitoka kazini akasimama miguuni mwa kitanda, ameshika kofia yake.

"Mlikwenda kufanya nini kule?"

"Kupiga picha, baba," Da Zuwena alisema. "Raya kateleza."

Baba alizitazama kucha zake, akayatazama magauni yetu yaliyojaa matope. Niliona swali jingine linakuja, baya zaidi, na nilijua Da Zuwena hatalijibu.

"Sikuteleza," nilisema. "Nilikimbia. Nilidhani watanitoa kafara."

Wodi nzima ilisikia. Mgonjwa mmoja alianza kucheka akajizuia. Mama akasema, "Subhanallah," akaketi kitandani kama aliyesukumwa. Lakini aliyenikata maini ni Mama Neema. Aliweka chini beseni alilokuwa nalo, akaninamia.

"Kwa hiyo Neema wangu naye ulimdhani hivyo?" aliniuliza. "Na mimi? Huo uji nilikuwa nakunywesha, ulikuwa unauonaje?"

Uji wake sikuwahi kuuogopa. Nilimwambia hivyo. Alinifuta pua kwa kiganja chake, na aliporudi kwa mgonjwa mwingine nilimwona anapangusa macho kwa mkono wa nguo.

Baba aliichukua ile simu siku ya pili, tukajua muziki umekwisha. Aliirudisha baadaye kwa Neema mlangoni kwao, mbele yetu sote. "Nimeusikiliza," alisema. "Sikuelewa kitu. Lakini sikusikia shetani." Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa juu ya muziki. Kwenye simu ile ilikutwa na picha pia. Iliwahi kujipiga. Neema na Da Zuwena wamesimama wima kwenye nguzo, wamenuna kama inavyotakiwa, na kati yao hakuna mtu, ila doa jeusi linalotoka pembeni mwa picha. Neema aliondoka na mama yake walipohamishwa tena kurudi bara. Da Zuwena yuko Wete, ni mwalimu, na anapopiga deki nyumba yake Jumamosi wanawe huziba masikio, maana postipanki hupigwa mpaka majirani wameizoea.

Lakini mimi ninayoyakumbuka zaidi ni majuma yale aliporudi na plasta ngumu mguuni. Alilala chumbani kwetu, mimi bado kwa mama. Hakuniita. Nikipita mlangoni alikuwa akitazama dirishani, ili nipite kwa raha. Aliomba mama amsugue kucha kwa ndimu na kitambaa, zikasuguliwa mpaka ncha za vidole zikavimba, na ule weusi haukutoka wote. Mama alimuuliza kwa nini ajiumize, piko itakwisha yenyewe. Akasema, "Yamwogopesha Raya."

Mchana mmoja mama alikwenda kupeleka nguo ya mtu, mvua ikamshika hukohuko. Nilikuwa ukumbini peke yangu. Nikasikia kutoka chumbani kitanda kinalia, kimya, kinalia tena. Nilichungulia. Da Zuwena alikuwa anajaribu kugeuka ubavu, na ule mguu mzito haukumfuata. Mto uliokuwa chini ya plasta ulikuwa umeanguka. Aliniona, akaacha kujaribu.

"Sihitaji kitu," alisema. "Nenda kacheze."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, nyumba nzima inavuma, na moyo wangu ukapiga vilevile kama siku ile magofuni. Nasema kweli, woga haukupungua hata kidogo. Niliingia. Niliokota mto, nikainua plasta kwa mikono miwili, nzito kuliko nilivyodhani, nikauweka mto chini yake. Akageuka. Akanishukuru. Nilikuwa nimemaliza, na mlango ulikuwa wazi.

Nilipanda kitandani upande wa ukuta, nikalala chali, mikono nimeibana mbavuni. Hakunigusa. Alikaa hivyo muda mrefu, nafikiri akiogopa kupumua. Halafu dawa zikamchukua usingizi, kichwa chake kikaelemea begani kwangu, kikawa kizito. Bega likafa ganzi. Sikuliondoa.

Mama alirudi ameloa, akasimama mlangoni na maji yanamchuruzika.

"Umerudi?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Bado n'naogopa," nilimwambia.

"Haya," mama alisema. "Ogopea hapo hapo." Akaurudisha mlango polepole, akaenda kuwasha jiko.